Mbega Ziko Tayari

6 Oktoba

Daftari hili nililinunua kwa maandalio ya masomo, lakini mwalimu mkuu ametugawia mengine, kwa hiyo hili limebaki langu. Nitaliandika vuli hii mpaka shule ifungwe. Nina miaka hamsini na mmoja, nafundisha Kiswahili Darasa la Sita na la Saba, na nimechoka kuzungumza na watu wasiomaliza sentensi.

Mvua bado. Ndiva, bwawa letu la kumwagilia, lina maji ya kufika magotini. Wakulima wa tangawizi wanashinda wakitazama mlima, na mlima umejaa ukungu usioshuka.

9 Oktoba

Hakuna mvua. Clemence kaja kuchaji simu, kala, kaondoka.

Niandike vizuri, maana daftari halimjui. Clemence ni mdogo wangu wa mwisho. Mama alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, nikamlea. Kusoma nilimfundisha mimi. Miaka minne iliyopita nilikwenda ofisi ya hifadhi mara tano kumwombea kazi ya kuongoza wageni msituni, na akaipata. Mimi nina sola, yeye hana, basi kila jioni simu yake inakaa dirishani kwangu huku yeye akila. Hasemi mengi. Zamani nilidhani ni adabu.

12 Oktoba

Leo nimewapeleka msituni wanafunzi thelathini na wawili wa klabu ya mazingira. Tumetoka saa moja asubuhi na viazi vya kuchemsha. Clemence alitusubiri getini na sare iliyopigwa pasi, nikajivuna waziwazi mbele ya walimu wenzangu.

Watoto hawa wamezaliwa chini ya msitu na wengi hawajawahi kuuingia. Wanajua kuni zake, maji yake na askari wake, basi. Ukivuka shamba la mwisho joto linakatika, na mguu unaanza kukanyaga kitu laini kisichotoa sauti. Kila shina limevaa kuvu na majani ya kudandia. Clemence aliwaonyesha mti wa mkulo ambao watoto saba walishikana mikono kuuzunguka. Aliwaonyesha kinyonga akivuka njia kwa mashaka yake yote, na ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Akawaambia ndege yule haishi popote duniani ila kwenye milima yetu hii. Blessing, ambaye hajawahi kuridhika na jibu lolote nililompa, akauliza kama ndege mwenyewe anajua hilo. Clemence akasema hajui, ndiyo maana inabidi sisi tujue kwa niaba yake. Nililiandika jibu hilo kiganjani nisilisahau.

Saa tano tuliwakuta mbega. Walikuwa kama kumi na tano juu ya miti, weusi, na manyoya meupe yameanguka mabegani kama shuka. Hawakukimbia. Mmoja alikumbatia kitoto cheupe pepe, na Clemence akaeleza kwamba mbega huzaliwa mweupe, weusi huja baadaye. Watoto thelathini na wawili walinyamaza bila kuambiwa. Katika miaka ishirini na sita ya ualimu sijawahi kupata ukimya wa namna ile.

Tuliposhuka kijitoni, Blessing akanasa mguu kwenye waya wa mtego. Ulikuwa umefungwa kwenye gogo lililolala juu ya maji, ambalo wanyama hulitumia kuvukia. Hatua chache mbele palikuwa na mbega aliyechunwa. Ngozi yote imeondoka na mwili umeachwa, mikono tu ndiyo imebaki na manyoya yake.

Wasichana wawili wakalia. Clemence akavua koti, akaufunika mzoga, akaniomba niwarudishe watoto nyuma. Nilipogeuka alikuwa ameshauchomoa waya na anachimba kwa panga. Nikamwuliza kwa nini anafukia kabla askari hawajaona. Akasema, "Dada, watoto." Halafu akawasihi wasiende kusimulia nyumbani. Wamesimulia, bila shaka. Saa kumi kijiji kizima kilikuwa kinajua.

13 Oktoba, Jumapili

Baada ya ibada Eliezeri alinisubiri nje. Ni askari wa hifadhi, na nilimfundisha pia. Insha zake zilikuwa fupi lakini safi. Kwa heshima kabisa aliniuliza nani alichagua njia ya kijitoni, nani alifukia mzoga na waya uko wapi. Kila jibu lilikuwa Clemence. Alishukuru, akavaa kofia.

Nimerudi nyumbani nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

16 Oktoba

Hakuna mvua.

17 Oktoba

Hakuna mvua. Clemence hakuja.

19 Oktoba

Clemence kaja na udongo mwekundu mpaka kwenye mapaja. Njia za wageni hazina udongo ule. Nikamwuliza alikuwa wapi, akasema, "Huku na huku." Hilo si jibu, ni takataka. Angekuwa darasani ningemsimamisha.

Wageni wawili kutoka Dodoma walimsubiri getini juzi mpaka saa nne, akatuma mtu kusema anaumwa. Kwangu hakusema anaumwa.

22 Oktoba

Hakuna mvua. Waya mwingine umekutwa. Wanasema ngozi za mbega zina mnunuzi mjini, na kwamba anayezichukua ni mwenyeji anayejua saa za doria. Wanasema hivyo dukani, mimi nikiingia wananyamaza.

24 Oktoba

Nataka niandike hili kwa mpangilio.

Jioni simu ya Clemence ilikuwa dirishani. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni zangu. Simu ikatoa mlio, nikatupia jicho, nikaona jina la Hezroni, yule wa bodaboda, rafiki yake wa kijiji cha Mamba. Ameandika: "Poa. Nakuja na magunia mawili." Sikupaswa kufungua. Nilifungua. Juu yake palikuwa na ujumbe wa Clemence mwenyewe, naunakili ulivyo:

"Mbega ziko tayari. Nimefukia shimoni kule kwa bibi, nimefunika vizuri. Njoo na boda Jumamosi asubuhi. Dada asijue."

Naona aibu kuandika kilichonijia kwanza. Niliona kosa la upatanisho wa kisarufi. Mbega ni mnyama, kwa hiyo mbega wako tayari, na mtoto huyu nimemfundisha hilo mwenyewe. Nililisahihisha kichwani kabla sijaelewa ninachosoma. Kisha nikakumbuka kwamba mnyama akishachunwa haitwi wako tena. Ngozi ziko. Sarufi yenyewe ikamshuhudia.

Nikarudisha simu dirishani. Clemence akaingia na kuni, akanawa, akala ugali na kisamvu, akasema kisamvu kimeiva. Nikamjibu ndiyo.

25 Oktoba

Nimekwenda kwa Eliezeri. Nilimwambia nataka amwonye tu, amtishe kidogo, aache kabla hajafika mbali. Nikamwonyesha maneno niliyonakili. Alisoma mara mbili.

"Mwalimu," akasema, "ukishaniambia mimi, umeiambia serikali."

Nilijua. Niwe mkweli hapa angalau: nilijua kabla sijaondoka nyumbani. Mbega yule aliyechunwa sijaacha kumwona, na nilimchukia mtu aliyemfanyia vile hata kama nimembeba mgongoni.

26 Oktoba, Jumamosi

Walimkamata saa mbili asubuhi kule kwa bibi, kwenye kihame chetu cha zamani ambako hakai mtu tena, chini ya ndiva, shimo likiwa wazi na jembe mkononi. Hezroni hakuwepo, wanasema aliona gari la hifadhi kwa mbali akageuza pikipiki. Clemence aliuliza jambo moja tu, nani kasema. Eliezeri hakujibu, lakini mkuu wake alijibu: dada yako. Tangu hapo Clemence hajafungua mdomo. Wamemteremsha mjini.

Shimoni wamekuta tangawizi.

Tangawizi ya mbegu, chini ya majani makavu, imeshaanza kutoa macho. Mkuu anasema tangawizi ni ya kufunikia, ngozi zimeshahamishwa. Mimi nikasema inawezekana. Nikaandika maelezo kurasa mbili, mwandiko mzuri, na nikaeleza kwa nini "ziko" maana yake ni ngozi. Askari aliyeyapokea alinisifu.

27 Oktoba

Sikwenda kanisani. Hakuna mvua.

30 Oktoba

Nimekwenda mjini na makande kwenye hotipoti. Hotipoti imerudi imejaa. Askari alisema mtuhumiwa hataki chakula kutoka kwa Yudith. Alitaja jina langu hivyo hivyo, akisoma kwenye karatasi.

3 Novemba, Jumapili

Hezroni kaja. Alisimamisha pikipiki mbali, akatembea, akanisalimia shikamoo akitazama chini. Amejificha Mamba wiki nzima. Nilimpokea vibaya, nilimwambia kama amekuja kutubu, mchungaji anakaa kule juu. Alitoa simu yake akaniomba nisome, sauti ya juu, ujumbe ambao Clemence alimtumia mwezi wa tisa.

Nikasoma: "Kaka nichukulie mbega ya mahindi kilo mbili."

Akaniomba nisome mwingine. "Mbega za nyanya zimeisha dukani."

Hezroni akaeleza taratibu, kama anavyostahili kuelezwa mtu mzito wa kuelewa. Clemence anaandikia wageni kila siku habari za mbega: mbega wako wapi, mbega wanaonekana saa ngapi. Simu imelizoea neno. Akianza kuandika mbegu, akifika kwenye g simu inamalizia yenyewe mbega, naye hana subira ya kurudi nyuma. Wenzake Mamba wanamtania kwa hilo tangu mwaka jana. Wanamwita Mbega ya Mahindi.

Mbegu ziko tayari. Upatanisho ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye nomino, na mimi, mwalimu wa miaka ishirini na sita, nikamsahihisha mtu pale alipopatia.

Nikauliza kwa nini basi dada asijue. Akasema Clemence amekodi shamba Mamba, anataka kuacha kazi ya msitu alime tangawizi, na amekuwa akiliandaa shamba hilo kwa mkono wake mwezi mzima. Aliogopa kuniambia, kwa sababu ile kazi nilimwombea mimi. Mbegu alizifukia kwa bibi kwa kuwa msimu huu wezi wa mbegu ni wengi. Udongo mwekundu ni wa Mamba.

Hezroni alipoondoka nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

4 Novemba

Mjini. Nimemweleza mpelelezi upatanisho wa kisarufi kwa dakika ishirini, nikamtaka aione simu ya Hezroni. Ni kijana mstaarabu, hakunikatiza. Halafu akafungua jalada, akanisomea maelezo yangu mwenyewe ya tarehe ishirini na sita.

"Sasa mwalimu," akasema, "nimwamini yupi, wewe wa leo au wewe wa juzi?"

Amechukua maelezo ya pili. Amesema simu itapelekwa kuchunguzwa na itachukua muda. Mahakamani dhamana imezuiwa. Kesi za nyara za serikali hazichezewi. Watu wa mikoa mingine hututania kwamba Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mimi nimefungua kesi kwa herufi moja, na nimemshtaki mtoto niliyemlea.

5 Novemba

Nimekwenda kwa bibi. Walizimwaga mbegu juani walipopekua. Nimeziokota zote, nimezirudisha shimoni, nimefunika kwa majani na kunyunyizia maji. Nyingine zimesinyaa. Nitapita kila siku baada ya vipindi.

8 Novemba

Nimepanga foleni ya kupeleka chakula mahabusu. Mbele yangu alisimama mama wa Kimaasai kutoka tambarare, anaitwa Noonkipa. Mwanawe Sendeu amekamatwa na ng'ombe ndani ya hifadhi ya huko chini, kwa sababu nje ya mpaka hakuna nyasi wala maji. Anakuja kwa miguu na maziwa kwenye kibuyu. Tukagawana chai yangu.

Akaniuliza nimekuja kumwona nani, nikasema mdogo wangu. Akauliza amefanya nini, nikasema hakufanya kitu.

"Hata yangu hakufanya," akasema. "Jirani amesema yeye. Mimi nikijua huyo jirani, salamu hakuna mpaka nakufa. Yako amesema nani?"

Nilimwambia sijui. Nimefundisha watoto wa watu wasiseme uongo tangu kabla Sendeu hajazaliwa.

Hotipoti imerudi imejaa. Noonkipa aliona, akanitazama. Chai aliimaliza kwa adabu kisha akahamia kivulini upande wa pili.

10 Novemba

Mvua. Imeanza asubuhi na haijakoma. Watu wote wako mashambani wanapanda. Nimefunika shimo kwa turubai ili mbegu zisioze.

11 Novemba

Mvua.

13 Novemba

Mvua. Eliezeri kaja akiwa amelowa chapachapa, hakutaka kuketi. Wamekuta mbega mwingine amechunwa upande wa juu, damu bado mbichi. Ameuawa jana au leo asubuhi.

Clemence yuko ndani siku ya kumi na tisa.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilipiga makofi. Mnyama yule niliyewafundisha watoto kumpenda amekufa kwa waya, na mimi nikacheka mbele ya askari wa hifadhi. Eliezeri alisubiri nimalize. Akasema ameshaandika taarifa, na ameandika pia kwamba shimoni alikuta tangawizi na si kingine, jambo ambalo mkuu wake hakutaka liandikwe. Nikamwambia asante. Akasema, "Ulitufundisha tuandike tulichokiona." Sikujua niweke wapi macho yangu.

Tuliowatafuta bado wako msituni. Sote tulikuwa tunamtazama mtu mmoja.

15 Novemba

Nimewaambia wanafunzi wa Darasa la Sita. Mwalimu mkuu alinikataza, lakini wao ndio waliomzomea mjukuu wa shangazi yetu mpaka akaacha kuja shule. Niliandika sentensi mbili ubaoni, ya mbega na ya mbegu, nikawaeleza nilivyosoma na nilivyokosea. Hawakucheka. Blessing akanyoosha mkono akauliza kama nilishamwomba msamaha. Nikasema bado hataki kuniona. Akauliza tena, kama nilimwandikia. Nikawaambia wafungue vitabu ukurasa wa arobaini.

19 Novemba

Wamemwachia. Shauri limeondolewa kwa kukosa ushahidi. Hawakuandika kwamba hana hatia, wameandika kukosa ushahidi. Nilikuwa nje ya mahakama tangu saa moja. Alitoka amekonda, amenyolewa vibaya. Alinipita umbali wa mkono, akapanda pikipiki ya Hezroni, wakaondoka.

22 Novemba

Hakuja.

25 Novemba

Hakuja. Hezroni alikuja kuchukua mbegu. Tulitoa zilizooza, theluthi moja hivi. Nilimwuliza kama Clemence anajua nani amezitunza. Akasema anajua, na kwamba alipoambiwa hakusema kitu. Ofisi ya hifadhi imempa mtu mwingine kazi yake.

30 Novemba

Nimepeleka wageni msituni badala ya Clemence, kwa sababu mwongozaji mpya hajui njia na wageni walikuwa walimu wenzangu kutoka Mwanga. Mbega tuliwaona kwa mbali mno. Sasa wanakimbia wakisikia sauti ya mtu. Kile kitoto cheupe sikukiona, au labda kimeshaanza kuwa cheusi. Mmoja wa walimu aliniuliza jina la ndege mdogo mwenye duara jeupe jichoni. Nililijua, lakini nilishindwa kulitaja.

1 Desemba, Jumapili

Badala ya kanisa nimekwenda Mamba. Sikutuma salamu kwamba naja, maana ningekatazwa. Nilivaa viatu vya shamba na nikabeba jembe langu.

Shamba lenyewe ni mteremko mkali wa udongo mwekundu juu ya mfereji, matuta yamenyooka kuliko nilivyotarajia. Hezroni aliponiona alikumbuka kwamba pikipiki yake inahitaji mafuta. Clemence alibaki na ndoo ya mbegu. Aliniamkia, nikamwitikia. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikavuka mfereji, nikaanza kuweka mbegu kwenye tuta, yeye akaja nyuma yangu akifukia.

Nilimwomba msamaha tuta la kwanza. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri tangu Novemba, na yalitoka ovyo, sentensi hazikufika mwisho. Akasema amesikia. Tukapanda tuta la pili na la tatu.

La nne akauliza, bila kuinua kichwa, kwa nini sikumwuliza. Simu ilikuwa kwangu na yeye alikuwa kwangu, anapasua kuni zangu. Nilikuwa na majibu matatu, na yote yangenifanya nionekane mtu mwema. Nikamwambia kweli.

"Nilijua ungekataa. Na nilijua nisingekuamini."

Alifukia mbegu tano au sita.

"Na kama zingekuwa ngozi kweli?"

"Ningekwenda kwa Eliezeri tena."

"Hilo najua," akasema. "Hilo halijaniuma."

Nilisimama na mbegu mkononi nikingoja aendelee. Alinionyesha kwa jembe kwamba nimeziweka karibu mno, zitabanana, nirudi nyuma nianze tuta upya. Nikarudi.